Keki ya Red Velvet Isiyodidimia: Somo la Kuoka Nyumbani kwa Wakazi wa Nyanda za Juu

Wakazi wengi wa Kaunti ya Nakuru wanaoka keki nyumbani, wengine kwa ajili ya familia na wengine kwa oda za siku za kuzaliwa, harusi na mahafali. Keki inayoitishwa sana ni red velvet, ile nyekundu ya matabaka yenye krimu nyeupe. Ndiyo pia inayowatia wengi hasara. Mwokaji husoma maelezo kwenye simu, akapima kila kitu kama alivyoambiwa, kisha akafungua oveni na kukuta keki imeingia shimo katikati.

Mara nyingi kosa si lake. Maelezo mengi ya aina hiyo yameandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,900, na Molo inakaribia mita 2,500. Keki iliyoumuka vizuri Mombasa inaweza kudidimia Molo hata ikiokwa kwa mikono ileile na unga uleule.

Kwa anayeokea watoto wake, hasara ni unga na mayai. Kwa anayeishi kwa oda, hasara ni kubwa zaidi. Chukua mfano wa mama aliyepokea malipo ya awali ya keki ya harusi. Pesa hizo ameshanunulia siagi na mayai, harusi ni Jumamosi saa nne asubuhi, na Ijumaa usiku matabaka yote mawili yamezama. Hana pesa za kununua viungo upya, na mteja akikosa keki hatarudi tena wala hatamtuma jirani. Somo hili linaeleza jinsi ya kuepuka usiku kama huo, na hatua anazopaswa kuchukua mwananchi anayetaka kuuza keki zake kwa njia halali.

Keki hii ilitoka wapi

Red velvet ni keki ya Marekani. Katika karne ya 19, waokaji wa huko waliita keki laini kwa jina la kitambaa cha mahameli, ambacho kwa Kiingereza huitwa velvet. Walitumia kakao kidogo ili kuulainisha unga. Kakao ya asili, ambayo haijatiwa dawa ya kupunguza uchachu, ina chembechembe za rangi zinazoelekea wekundu zikikutana na asidi ya siki au maziwa yaliyoganda. Wekundu huo ulikuwa hafifu, wa kuelekea kahawia.

Wekundu mkali tunaoujua leo ulitokana na rangi ya chakula. Kampuni ya Adams Extract ya Texas, iliyokuwa ikiuza rangi na vanila, iliieneza keki hii katikati ya karne ya 20 kwa kuwagawia wateja maelezo ya kuioka. Mwaka wa 1989, filamu ya Steel Magnolias ilionyesha keki ya harusi yenye umbo la mnyama ambayo ndani ilikuwa nyekundu, na umaarufu wake ukazidi.

Kwa mkazi wa Nakuru, kuna faida moja katika historia hiyo. Wamarekani hutumia maziwa machachu, na hapa kwetu maziwa lala, yaani mala, yanapatikana karibu kila kituo cha biashara. Ngano hulimwa Njoro na Mau Narok, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wako Molo, Kuresoi na Bahati. Vitu vingi vya keki hii viko karibu na mwokaji.

Kwa nini keki hudidimia kwenye miinuko

Keki hii huumuliwa na soda ya kuokea. Soda ikikutana na asidi ya mala na siki, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Hewa hiyo hujaza viputo vidogo ndani ya rojo, na joto la oveni huvipanua. Wakati huohuo mayai na unga huanza kushikana na kuwa kuta imara. Keki nzuri ni ile ambayo kuta zake zimeshikana kabla viputo havijapasuka.

Nakuru, mgandamizo wa hewa ni kama nne kwa tano ya ule wa Mombasa. Hewa ya nje inasukuma kidogo, kwa hiyo viputo hupanuka haraka na kupita kiasi. Kuta hunyooka zikawa nyembamba na kupasuka kabla hazijaiva, nayo keki inaanguka katikati.

Jambo la pili ni maji. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100. Mjini Nakuru huchemka karibu nyuzi 94, na Molo karibu nyuzi 92. Unyevu wa rojo hutoka upesi zaidi, na sukari iliyobaki inakuwa nyingi ikilinganishwa na maji. Sukari nyingi hudhoofisha kuta za keki, ndiyo maana keki iliyodidimia mara nyingi huwa inanata.

Kutokana na hayo, mwokaji wa nyanda za juu hubadilisha mambo matano: hupunguza soda, hupunguza sukari kidogo, huongeza majimaji, huongeza unga kidogo, na huongeza joto la oveni kwa nyuzi 10 hivi ili kuta zishikane mapema.

Vipimo

Vipimo vifuatavyo ni vya keki ya matabaka mawili katika mikebe miwili ya duara yenye upana wa sentimita 20. Vimerekebishwa kwa ajili ya Nakuru, Naivasha, Gilgil na maeneo ya mwinuko kama huo. Mizani ndogo ya jikoni ni bora kuliko kikombe, kwa sababu vikombe havilingani.

- Unga wa ngano wa kawaida, usiochanganywa na bekingi pauda: gramu 320
- Sukari: gramu 270
- Kakao ya unga, isiyo na sukari: vijiko 2 vya mezani
- Soda ya kuokea: robo tatu ya kijiko cha chai
- Chumvi: nusu kijiko cha chai
- Mayai makubwa: 3
- Mafuta ya maji ya kupikia: mililita 200
- Mala isiyotiwa sukari wala ladha: mililita 285
- Siki nyeupe: kijiko 1 cha chai
- Vanila: vijiko 2 vya chai
- Rangi nyekundu ya chakula: kijiko 1 cha mezani ikiwa ya maji, au kijiko 1 cha chai ikiwa nzito

Kwa wakazi wa Molo, Mau Narok, Kuresoi na maeneo mengine ya juu zaidi, soda ipunguzwe hadi nusu kijiko cha chai na mala iongezwe kwa vijiko 2 vya mezani.

Magadi yanayotumiwa kulainisha maharagwe si soda ya kuokea, na hayafai kwa keki. Vilevile unga uliochanganywa tayari na bekingi pauda usitumike hapa, kwa sababu utaleta hewa ya ziada ambayo ndiyo tunayoikimbia. Mala ikiwa nzito sana, ipunguzwe uzito kwa maziwa mabichi yaliyochemshwa na kupoa, kisha ipimwe.

Hatua za kuoka

1. Toa mayai na mala kwenye friji saa moja kabla. Vitu vyenye joto la chumbani huchanganyika vizuri.

2. Washa oveni mapema, nyuzi joto 185. Oveni yenye feni iwekwe nyuzi 170. Paka mikebe mafuta, tandika karatasi ya kuokea chini, na nyunyiza unga kidogo pembeni.

3. Chekecha pamoja unga, kakao, soda na chumvi. Chekecha mara mbili. Kibonge cha soda kisipovunjika huacha doa chungu ndani ya keki.

4. Katika bakuli kubwa, piga mayai na sukari kwa dakika 2. Mimina mafuta polepole huku ukipiga. Ongeza mala, vanila, siki na rangi. Rojo hili lionekane jekundu zaidi ya unavyotaka keki iwe, kwa kuwa kakao na moto vitaufifisha wekundu.

5. Mimina unga katika rojo kwa awamu tatu, ukikoroga kwa mwiko. Acha kukoroga mara tu unga mkavu unapotoweka. Kukoroga sana huamsha gluteni ya ngano, na keki huwa ngumu kama mkate.

6. Gawa rojo katika mikebe miwili kwa kupima. Mkebe usijae zaidi ya nusu. Gongesha mkebe mezani mara mbili ili viputo vikubwa vitoke.

7. Oka mara moja. Soda huanza kazi tangu inapokutana na mala, haingojei mtu.

8. Usifungue mlango wa oveni kabla ya dakika 20. Baada ya dakika 25, choma katikati kwa kijiti cha meno. Kikitoka kikavu au na chembe chache zisizo na rojo, keki imeiva. Kwa kawaida huchukua dakika 25 hadi 30.

9. Acha keki ndani ya mkebe kwa dakika 10, kisha igeuze juu ya waya na uiache ipoe kabisa.

Baadhi ya maelezo humwambia mwokaji achanganye siki na soda kwenye kikombe hadi zitoe povu, kisha amimine povu hilo kwenye rojo. Povu linapendeza kulitazama, lakini ndiyo hewa ya kuumulia keki inayopotelea jikoni. Siki ikae na majimaji, soda ikae na unga, vikutane ndani ya bakuli.

Wasio na oveni

Jiko la makaa na sufuria vinaweza kuoka keki hii vizuri. Chagua sufuria kubwa na nzito. Weka ndani mchanga mkavu uliosafishwa, kina cha vidole viwili, au mawe matatu madogo ya kuinua mkebe. Funika na upashe moto kwa dakika 15. Makaa ya chini yawe machache. Mengi yawekwe juu ya kifuniko, kwa kuwa moto wa chini ukizidi utaunguza kitako kabla juu hapajaiva.

Tatizo la sufuria ni kwamba inabeba mkebe mmoja kwa wakati. Mwokaji akikoroga rojo lote, tabaka la pili litangoja karibu nusu saa na hewa yake itakuwa imetoka. Dawa yake ni rahisi: unga uliochekechwa ukae peke yake, na majimaji yakae peke yake. Gawa kila kimoja mafungu mawili kwa mizani. Changanya fungu la kwanza na uoke. Fungu la pili lichanganywe tabaka la kwanza likishatolewa na sufuria ikirudishwa motoni.

Jiko la makaa litumike mahali penye hewa ya kutosha. Katika maeneo yenye baridi, baadhi ya watu huoka usiku milango na madirisha yakiwa yamefungwa, kisha wakaliacha jiko ndani lipashe chumba joto. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Oda yoyote haistahili hatari hiyo.

Krimu nyeupe: njia mbili

Wengi hudhani red velvet lazima iwe na jibini laini ya krimu. Jibini hiyo ni ghali na haipatikani kila mahali. Krimu ya zamani ya keki hii, iliyotumiwa Marekani kabla ya jibini kuenea, ilipikwa kwa maziwa na unga wa ngano. Ni nyepesi, haina sukari nyingi, na viungo vyake viko katika duka lolote.

Krimu ya maziwa: Chukua sukari gramu 200, unga wa ngano gramu 40, chumvi kidogo, maziwa mililita 250, siagi laini gramu 225 na vanila kijiko 1 cha chai. Changanya sukari, unga na chumvi kwenye sufuria, kisha mimina maziwa kidogo kidogo ukikoroga ili kusiwe na mabonge. Pika kwa moto mdogo bila kuacha kukoroga hadi iwe kama uji mzito, na iendelee kutokota kwa dakika moja zaidi ili ladha ya unga mbichi iishe. Imimine kwenye sahani pana, ifunike kwa karatasi ya kuokea iliyopakwa siagi, karatasi iguse uso wake ili isifanye utando. Ipoe kabisa. Piga siagi kwa dakika 5 hadi iwe nyeupe, kisha ongeza uji huo kijiko kimoja kimoja huku ukipiga.

Hapo ndipo wasio na subira huharibu. Uji ukiwa bado na uvuguvugu, siagi huyeyuka na krimu hutiririka. Ikitokea hivyo usiitupe. Iweke kwenye friji kwa dakika 20, kisha ipige tena.

Krimu ya jibini: Siagi laini gramu 115, jibini laini ya krimu gramu 225 iliyotoka kwenye friji, sukari ya unga gramu 300 na vanila kijiko 1. Piga siagi na sukari kwanza, kisha ongeza jibini mwishoni na uache kupiga mara tu inapochanganyika. Jibini ikipigwa sana hutoa maji.

Kupanga matabaka

Keki yenye joto haipakwi krimu. Ni vyema kuyafunga matabaka yaliyopoa na kuyaweka kwenye friji kwa saa moja, au kuyaoka siku moja kabla. Keki baridi haimeguki ovyo.

Kata nundu ya juu kwa kisu kirefu cha mkate ili tabaka likae sawa. Makombo yahifadhiwe kwa ajili ya kupamba. Weka tabaka la kwanza, paka krimu, weka la pili likiwa limegeuzwa, upande uliokuwa chini uwe juu. Paka krimu nyembamba kuzunguka keki yote ili inase makombo, irudishe kwenye friji kwa dakika 30, kisha paka krimu ya mwisho. Mpako huo wa kwanza ndio unaofanya keki ya nyumbani ionekane safi kama ya dukani, kwani bila huo vipande vyekundu hujitokeza katika krimu nyeupe.

Rangi: soma kibandiko kabla ya kununua

Rangi ndiyo sehemu ya keki hii inayohitaji uangalifu mkubwa. Rangi ya chakula inunuliwe ikiwa imefungwa, yenye jina la mtengenezaji, tarehe ya mwisho wa matumizi na alama ya ubora ya KEBS. Rangi inayopimwa kwa kijiko sokoni na kufungwa kwenye karatasi haina anayeweza kuithibitisha. Rangi ya kutia nguo, vikapu au mapambo isiingie jikoni kabisa, hata kama ni nyekundu vilevile na bei yake ni nafuu.

Hata rangi zilizoruhusiwa hutumiwa kwa kiasi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka wa 2010, vyakula vyenye baadhi ya rangi za viwandani, zikiwemo nyekundu za namba E122, E124 na E129, hulazimika kuwa na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Marekani ilitangaza Januari 2025 kuwa inaondoa kibali cha rangi iitwayo Red No. 3 katika vyakula, na watengenezaji wakapewa hadi Januari 2027 kuacha kuitumia.

Anayetaka rangi ya mimea anaweza kutumia kiazisukari chekundu, yaani bitiruti, kilichosagwa na kuchujwa. Afahamu mapema kwamba rangi yake hufifia kwa moto, na keki itatoka ya waridi iliyokolea au ya kahawia. Maji ya bitiruti yahesabiwe kama sehemu ya majimaji, na siki iongezwe hadi vijiko 2 vya chai kwa sababu wekundu wake hudumu zaidi kwenye uchachu. Mteja aelezwe hivyo kabla hajalipa.

Usafi na kuhifadhi

Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuoka na baada ya kushika mayai mabichi. Mayai yenye ufa yasitumike. Watoto wasilambe rojo. Si mayai pekee yanayoweza kubeba vijidudu, hata unga wa ngano ambao haujapikwa unaweza kuwa navyo.

Keki iliyopakwa krimu yoyote kati ya hizi mbili ina maziwa. Isikae nje ya friji kwa zaidi ya saa mbili, na friji iwe chini ya nyuzi 5. Ikihifadhiwa hivyo, iliwe ndani ya siku tatu. Anayeipeleka mbali, tuseme kutoka Molo hadi Naivasha, aipoze usiku kucha, aiweke kwenye sanduku imara lisilopigwa na jua, na asafiri mapema. Kumbuka pia kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, hivyo sanduku la karatasi ngumu ndilo linalofaa.

Anayeuza: hesabu kwanza

Waokaji wengi hupanga bei kwa kuuliza jirani anauzaje. Njia bora ni kujua keki moja inakula nini. Kwa vipimo vya somo hili, vikiunganishwa na krimu ya maziwa:

- Pakiti ya unga ya kilo 2 inatosha keki 5
- Kilo 1 ya sukari inatosha keki 2
- Lita 1 ya mafuta inatosha keki 5
- Trei moja ya mayai 30 inatosha keki 10
- Gramu 500 za siagi zinatosha keki 2

Mwokaji achukue bei aliyonunulia, agawe kwa idadi ya keki, ajumlishe. Kisha aongeze vitu vinavyosahaulika: gesi, makaa au umeme, sanduku, nauli ya bodaboda, na saa zake mwenyewe za kazi. Kazi isiyolipwa si faida, ni hasara iliyofichika. Aidha, atenge kiasi kidogo katika kila oda kwa ajili ya keki itakayoharibika. Mama wa Ijumaa usiku angekuwa na akiba hiyo, angenunua mayai mengine na kuanza upya.

Leseni na vibali

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la kutoa leseni na kusimamia biashara zinazouzia umma chakula. Hii inahusu pia anayeokea jikoni kwake. Mambo ya kuzingatia ni haya:

- Kibali cha biashara kutoka kaunti.
- Leseni ya usafi wa chakula, inayotolewa baada ya afisa wa afya ya umma kukagua mahali pa kuokea. Hutazama maji, uingizaji hewa, choo, uhifadhi wa vyakula na udhibiti wa panya na wadudu.
- Cheti cha uchunguzi wa afya kwa kila anayeshika chakula, kinachofanywa upya kila baada ya miezi sita.
- Alama ya ubora ya KEBS kwa keki zinazofungwa na kuuzwa madukani na katika supamaketi.

Hata pale sheria haimlazimishi, mwokaji afunge kikaratasi kwenye sanduku kinachosema keki ina ngano, mayai na maziwa, na siku ilipookwa. Wapo watoto ambao miili yao haipatani na vyakula hivyo, na mzazi ana haki ya kujua.

Anayeanza hana haja ya kuogopa ukaguzi. Ni vyema amwendee afisa wa afya ya umma wa wadi yake kabla hajaanza kuuza na kumuuliza nini kinahitaji kurekebishwa. Ushauri huo humgharimu kidogo kuliko kufungiwa jikoni akiwa na oda tatu mkononi.

Kasoro za kawaida na marekebisho yake

- Imedidimia katikati: soda au sukari imezidi, au mlango ulifunguliwa mapema. Punguza soda kwa robo kijiko katika jaribio linalofuata.
- Imepanda kama kilima na kupasuka: moto umezidi. Punguza nyuzi 5 hadi 10.
- Ni kavu: imekaa sana ndani. Anza kuijaribu kwa kijiti dakika 3 mapema, au ongeza kijiko cha mala.
- Ni ngumu na ina mashimo marefu: rojo limekorogwa kupita kiasi.
- Ni ya kahawia: kakao imezidi, au rangi ni kidogo.
- Ina ladha ya sabuni: soda imezidi au haikuchekechwa.

Badilisha jambo moja tu kwa kila jaribio, na uliandike kwenye daftari pamoja na tarehe. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mara moja hatajua kilichomsaidia ni kipi. Oveni moja hutofautiana na nyingine, na kijiji cha juu hutofautiana na cha bondeni. Baada ya keki tatu au nne, daftari hilo litakuwa na vipimo vya jikoni kwa mwokaji mwenyewe. Keki ya kwanza ya jaribio iokwe kwa ajili ya nyumbani. Oda ya mteja ipokelewe keki ikishatoka sawa mara mbili mfululizo.